Nyumba Njema si Mlango: Uhakiki wa Filamu ya Post Grad (2009)

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Post Grad (2009), filamu ya futuhi ya Kimarekani inayomhusu mhitimu wa chuo kikuu anayerudi kuishi kwa wazazi wake baada ya kukosa kazi. Hoja ya msingi ni kwamba udhaifu wa filamu hii hautokani na wepesi wa mada wala uhafifu wa waigizaji. Unatokana na namna filamu inavyoitumia nyumba ya wazazi kama mahali pa kupitia tu, badala ya kuifanya kiini cha mgogoro. Uchambuzi unatumia tofauti ya maana iliyopo katika Kiswahili baina ya kwetu, kwangu na kwake, pamoja na nadharia za kicheko za Henri Bergson na Northrop Frye, na unailinganisha filamu na The Graduate (1967). Makala yanahitimisha kwamba mhusika mkuu anaondoka kwao bila kufika kwake mwenyewe, na kwamba filamu haijui kuwa hilo ndilo jambo ililokuwa ikilisimulia.

1. Utangulizi

Post Grad ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Agosti 2009. Iliongozwa na Vicky Jenson, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa filamu za katuni, hasa Shrek (2001) aliyoiongoza pamoja na Andrew Adamson. Muswada uliandikwa na Kelly Fremon. Mhusika mkuu, Ryden Malby, anaigizwa na Alexis Bledel. Ryden amepanga maisha yake kwa hatua zinazofuatana: kufanya vizuri shuleni, kupata ufadhili wa chuo, kuhitimu, kupanga nyumba nzuri jijini Los Angeles na kuajiriwa katika kampuni kubwa ya uchapishaji wa vitabu. Hatua ya mwisho inakwama. Kazi aliyoitamani inachukuliwa na Jessica Bard, hasimu wake wa tangu chuoni, naye Ryden anarudi katika chumba chake cha utotoni.

Nyumbani anawakuta baba yake, Walter (Michael Keaton), mtu wa miradi isiyokwisha. Mama yake, Carmella (Jane Lynch), anayebana kila senti. Bibi yake, Maureen (Carol Burnett), asiyechuja maneno. Na mdogo wake, Hunter, mtoto mwenye mienendo yake ya pekee. Nje ya nyumba wapo wanaume wawili: Adam (Zach Gilford), rafiki wa siku nyingi anayempenda Ryden huku akisitasita baina ya muziki na masomo ya sheria, na David (Rodrigo Santoro), jirani anayetengeneza matangazo ya biashara ya televisheni.

Hali hii ina kila kinachohitajika na futuhi. Mtu mzima anarudishwa katika nafasi ya mtoto. Watu wanaopendana wanabanana katika nyumba moja. Matarajio makubwa yanakutana na uhalisia mdogo. Isitoshe, wakati wenyewe ulikuwa unaililia mada hii. Mdororo wa uchumi wa Marekani ulihesabiwa kuanza Desemba 2007 na kukoma Juni 2009, lakini ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi kufikia asilimia 10 mwezi Oktoba 2009. Watazamaji wengi waliokwenda kuitazama filamu hii walikuwa na Ryden wao nyumbani, au wao wenyewe walikuwa Ryden. Swali linalojibiwa na makala haya ni kwa nini filamu yenye mtaji huo iliishia kuwa ndogo kuliko mada yake.

2. Kwetu, kwangu na kwake

Kabla ya kuichambua filamu ni vyema kukitazama kifaa ambacho Kiswahili kinampa mhakiki. Kiingereza, lugha ya filamu yenyewe, kinaweza kutumia neno moja kwa nyumba aliyozaliwa mtu na kwa nyumba aliyoipata mwenyewe. Kiswahili hulazimika kuchagua. Mtu asemapo kwetu, hata akiwa anajizungumzia peke yake, huwa anataja makazi ya wazazi au ya ukoo wake. Asemapo kwangu, anadai umiliki wa makazi yake mwenyewe, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Hali ni hiyo hiyo katika nafsi ya tatu. Sentensi “Asha yuko kwao” na sentensi “Asha yuko kwake” zina mtendaji mmoja, lakini zinaeleza hadhi mbili tofauti za kijamii. Katika ya kwanza mmiliki ni wa wingi na Asha ni mmoja wao. Katika ya pili Asha ana mlango anaoufunga na kuufungua mwenyewe.

Tofauti hiyo ya kisarufi inabeba tathmini. Kauli “bado anakaa kwao” humhukumu mtu mzima kwa neno moja tu, bado. Kauli “amerudi kwao”, ikisemwa kuhusu mwanamke, mara nyingi humfanya msikilizaji adhani kuwa ndoa imevunjika. Katika kauli zote mbili kurudi si suala la mahali tu. Ni suala la hadhi: nani anampa nani chakula, nani anamuuliza nani alikokuwa, na nani ana haki ya kunyamaza pale anapoulizwa.

Ukiitazama Post Grad kwa kifaa hiki, muundo wake unajitokeza wazi. Nyumba ambayo Ryden ameipangia ndoto ni kwangu. Chumba cha utotoni ni kwetu. Mgogoro wa asili wa hadithi ni safari baina ya maneno haya mawili, na swali lake la msingi ni iwapo binti anaweza kuwa mtu mzima ndani ya kwetu huku akiitafuta kwangu. Tatizo ni kwamba filamu inaitaja safari hiyo katika dakika zake za mwanzo, kisha inaisahau.

3. Vichekesho visivyo na mzizi

Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, alieleza kuwa tunacheka pale binadamu anapotenda kwa ukakamavu wa mashine mahali ambapo maisha yanadai wepesi wa kubadilika. Kwa mujibu wa maelezo hayo, kichekesho chema hufichua jambo kuhusu mhusika: kinatuonyesha ni wapi ameganda.

Vichekesho vya Post Grad ni vingi, lakini vichache mno vinafichua chochote. Walter anamgonga paka wa jirani kwa gari, na familia inalazimika kushughulika na mazishi ya mnyama huyo. Maureen anakwenda kuchagua jeneza lake angali hai. Hunter anaingia katika mashindano ya vigari vya watoto visivyo na injini. Walter ananunua mabizimu ya mikanda ili ayauze kwa faida, kumbe ni mali ya wizi, na polisi wanamkamata. Kila tukio lina mwanzo na mwisho wake, na kila moja lingeweza kuondolewa bila hadithi kutikisika. Hakuna tukio kati ya hayo linalohitaji Ryden awe amerudi nyumbani. Paka angegongwa hata kama Ryden angekuwa amepata kazi. Jeneza lingechaguliwa hata kama angekuwa amepanga nyumba yake mjini.

Kipimo hiki kina umuhimu katika uhakiki wa futuhi. Kichekesho kilichoota katika hali hakiwezi kung’olewa bila kuondoka na udongo wake. Katika filamu hii vichekesho vimepachikwa. Inawezekana kwamba hapa panaonekana mazoea ya katuni, utanzu ambao ndani yake kioja cha kuonekana kwa macho kinaweza kujitosheleza, kwa sababu mhusika wa katuni huinuka akiwa mzima baada ya kila anguko. Familia ya Malby nayo huinuka ikiwa nzima. Walter anakamatwa, na kukamatwa kwake hakuacha deni, aibu wala hofu ya kudumu. Mtazamaji anajifunza upesi kuwa ndani ya nyumba hii hakuna linaloweza kuharibika, na pasipoweza kuharibika kitu, kicheko hakina cha kukiokoa.

Ni haki kusema kwamba waigizaji hawana lawama kubwa. Keaton anampa Walter uchangamfu wa mtu anayeamini kila mradi wake, na katika sura yake kuna wakati inapita huzuni ambayo muswada haukuiandika. Burnett anajua kulisubirisha neno hadi lifike kwa wakati wake. Bledel naye anamwigiza Ryden kwa unyofu. Vipaji hivyo vinaufanya upungufu wa muswada uonekane zaidi, kama samani nzuri katika nyumba isiyo na paa.

4. Mgeni asiyepewa jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hueleweka kuwa inawahusu wageni, lakini inabeba kanuni pana zaidi ya maisha ya nyumbani: kuishi pamoja kuna gharama, na heshima ya anayeishi hapo inategemea kushiriki kwake katika kuilipa. Kwa mtu mzima aliyerudi kwa wazazi, jembe ni jambo zito. Asipopewa, anabaki mtoto au mgeni. Akipewa, anakiri kwamba hajarudi kwa siku mbili.

Katika nyumba ya akina Malby hakuna anayempa Ryden jembe, na filamu haioni kuwa hilo ni jambo la ajabu. Ajabu yenyewe ni kubwa kwa kuwa Carmella amesawiriwa kama mama mbahili. Hapa ndipo futuhi ilipokuwa imelala ikisubiri kuamshwa. Mama anayehesabu kila senti amerudishiwa kinywa kimoja zaidi cha kulisha, cha binti mwenye shahada. Anampenda; pia anahesabu. Je, atamwambia? Atamwambia kwa maneno, au kwa kuzima taa ya chumba chake? Binti naye, anayejua tabia ya mama yake, atakula kiasi gani mezani? Maswali kama hayo yangeweza kuzaa kicheko na uchungu kwa pamoja. Badala yake ubahili wa Carmella umeachwa uwe pambo la mhusika, sawa na ukali wa ulimi wa bibi na miradi ya baba. Carmella anabaki mhusika bapa: ana sifa, lakini hana mahitaji.

Frye, katika Anatomy of Criticism (1957), alionyesha kuwa futuhi ya mapokeo hujengwa juu ya kijana anayetaka jambo na mhusika kizuizi anayemzuia, ambaye mara nyingi ni mzazi. Kizuizi kinaposhindwa au kinapopatanishwa, jamii mpya hujengeka kumzunguka kijana huyo. Post Grad inaondoa kizuizi cha mzazi bila kuweka kingine mahali pake. Wazazi hawamzuii Ryden kwa lolote. Wanampenda na kumwacha. Soko la ajira, ambalo ndilo kizuizi chake halisi, linaonyeshwa kwa mfululizo wa usaili ulioharibika, yaani kwa vioja vingine tena. Jessica Bard anapewa sura ya adui, lakini ni adui wa shuleni, mdogo mno kubeba uzito wa uchumi uliowanyima watu kazi kwa mamilioni. Hivyo kijana anataka, na hakuna anayemzuia kwa dhati, anasubiri tu. Kusubiri kunaweza kuwa mada kubwa ya sanaa, ila kwa sharti kwamba kazi yenyewe ikubali kukutazama.

Msomaji wa tamthilia ya Kiswahili anajua namna nyumba inavyoweza kubeba mgogoro wa aina hii. Katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, ombi la Tatu la kwenda sinema na kijana Swai linatosha kumgonganisha na mama yake, kwa sababu mama na binti wanasimama katika nyakati mbili tofauti ndani ya nyumba moja. Tamthilia hiyo si futuhi, na mazingira yake si ya California. Linalolinganishwa hapa ni mbinu tu: jambo dogo la nyumbani limebebeshwa uzito mkubwa kwa sababu kila upande una kitu cha kupoteza. Katika Post Grad mambo makubwa, kama vile kukamatwa kwa baba, yamepewa uzito mdogo kwa sababu hakuna anayepoteza kitu.

5. Nyumba ile ile, miaka 42 kabla

Huenda ikadaiwa kwamba futuhi ya Hollywood haipaswi kupimwa kwa mizani hiyo, na kwamba wepesi ndio ahadi yake kwa mtazamaji. Jibu la dai hilo linapatikana katika historia ya Hollywood yenyewe. The Graduate ya Mike Nichols (1967) ina hali inayokaribia kuwa ile ile: mhitimu, Benjamin Braddock, amerudi kwa wazazi wake katika eneo la Los Angeles na hajui la kufanya. Filamu hiyo inachekesha, na kicheko chake kinatoka ndani ya nyumba.

Mfano bora ni tukio la siku ya kuzaliwa. Wazazi wamemnunulia Benjamin vazi la kupigia mbizi. Baba anawakusanya wageni kando ya bwawa la kuogelea na kumtaka mwanawe atoke alionyeshe. Kamera inaingia ndani ya barakoa yake. Sauti za watu zinatoweka na kubaki pumzi peke yake. Mwisho kijana anasimama chini ya maji, kimya. Mtazamaji anacheka kwa sababu tukio ni la kipuuzi, kisha kicheko kinamkwama kwa sababu analiona pendo la wazazi likimzamisha mtoto wao. Baadaye, Benjamin anapoelea bwawani siku nzima, baba yake anamuuliza ile miaka minne ya chuo ilikuwa ya kazi gani. Swali hilo ni la haki. Ni jembe linalotolewa siku ya tatu.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Benjamin ni mwanamume wa familia tajiri, na kukaa kwake bure ni anasa anayoweza kuimudu. Ryden ni mwanamke wa familia ya kawaida iliyokumbwa na nyakati mbaya. Lakini tofauti hiyo inaongeza uzito wa madai dhidi ya Post Grad, kwa kuwa Ryden ndiye mwenye mengi zaidi ya kupoteza. Ikiwa filamu ya 1967 ilipata kina katika uvivu wa kijana tajiri, filamu ya 2009 ilikuwa na sababu nyingi zaidi za kukipata katika mahangaiko ya binti asiye na kipato.

6. Mwisho unaolikimbia swali

Udhaifu wa filamu unakamilika katika hitimisho lake. Nafasi katika kampuni ya uchapishaji inapatikana tena na Ryden anaajiriwa. Wakati huo Adam ameshakwenda New York kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia. Ryden anaiacha kazi aliyoiota tangu utotoni na kumfuata.

Haitoshi kusema kwamba mwisho huu umepitwa na wakati kwa kumfanya mwanamke aache kazi kwa ajili ya mwanamume. Mhusika ana haki ya kuchagua pendo, na sanaa ina haki ya kumsifu kwa hilo. Kasoro iko katika hesabu ya tamthilia yenyewe. Kwanza, Ryden anaiacha kazi kabla hatujamwona akiifanya vya kutosha kujua kama aliipenda au aliipenda ndoto yake tu. Hivyo uamuzi wake hauna bei inayoonekana. Pili, Adam habadilishi chochote. Njia yake ya masomo inaendelea kama ilivyopangwa, na ni Ryden anayehama. Tatu, swali lililoifungua filamu, la namna mtu asiye na kipato anavyoweza kuwa mtu mzima, linabaki palepale, maana huko New York Ryden anafika tena bila kazi.

Hapa tofauti ya kwetu, kwangu na kwake inaonyesha kilichojificha. Ryden alianza akiwa na ndoto ya kwangu. Akarudishwa kwao. Mwishoni anakwenda kwa Adam, yaani kwake Adam. Amehama kutoka neno la kwanza hadi la tatu bila kulikalia la pili hata siku moja. Filamu inaiita safari hiyo ushindi na kuipigia muziki wa ushindi. Futuhi yenye macho ingeliona pengo hilo na kulichekea, au walau ingenyamaza kidogo mbele yake, kama The Graduate inavyonyamaza katika kiti cha nyuma cha basi, pale tabasamu za Benjamin na Elaine zinapofifia polepole baada ya kutoroka kanisani.

7. Hitimisho

Methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, hutumiwa kuonya dhidi ya kuridhika na sura ya nje. Post Grad ilipata nyumba njema: mada ya kweli, wakati uliofaa na waigizaji waliokomaa. Ikasimama mlangoni. Kwa lugha ya ngeli za mahali, filamu ilibaki katika KU- ya kwendea na kutokea, wala haikuingia katika MU- ya ndani, mahali ambapo bili hulipwa, chakula hugawanywa, na mzazi na mtoto aliyekua hujifunza upya namna ya kuitana.

Kwamba mwandishi wa muswada alikuwa na uwezo wa kuingia ndani kulithibitika baadaye. Kelly Fremon Craig aliandika na kuiongoza mwenyewe The Edge of Seventeen (2016), ambamo binti, mama na kaka wanabeba msiba wa kumpoteza baba ndani ya nyumba moja, na vichekesho vinatoka katika majeraha yao. Ndani ya nyumba hiyo maneno huumiza, na yule aliyeumizwa bado yupo mezani asubuhi inayofuata.

Kwa wanafunzi wa fasihi na filamu, somo la Post Grad liko katika kipimo rahisi kinachoweza kutumika kwa futuhi yoyote ya nyumbani, ya ughaibuni au ya hapa Afrika Mashariki: ondoa hali ya msingi ya hadithi, kisha hesabu vichekesho vingapi vimebaki vimesimama. Vikibaki vyote, hali hiyo haikuwa mzizi wa kitu chochote. Katika filamu hii, mwondoe Ryden katika nyumba ya wazazi wake, na karibu kila kicheko kitaendelea bila yeye.